Ua au mafuta yake? Hesabu ya pareto kwa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini

Kila msimu wa pareto, lile ua la kutengenezea dawa ya wadudu, swali hili hurudi kwenye vikao vya wakulima, kuanzia milima ya Umalila kusini mwa jiji la Mbeya hadi Makete, Kilolo na Mufindi: kwa nini tunauza ua kavu kwa kilo ilhali huko nje kinachouzwa ni mafuta yake? Kwa nini tusikamue wenyewe? Swali ni zuri, ila majibu yake mara nyingi ni mafupi mno. Mwanasiasa atajibu kwa neno moja: kiwanda. Mnunuzi atasema soko la dunia limeyumba. Mkulima anarudi nyumbani na swali lile lile alilokuja nalo. Mimi naamini hesabu hii anaweza kuielewa kila anayejua kupima gunia, na kuielewa ni haki yake, kwa hiyo naiweka hapa yote.

Natanguliza ninachokiamini. Ua la pareto kama ua halina soko. Soko ni la sumu iliyomo ndani yake. Mkulima anauza uzito, kiwanda kinanunua asilimia. Fedha nyingi inayompotea mkulima inapotelea kwenye pengo hilo, kabla hata ya kuufikiria mtambo wa kukamua.

Kilichomo ndani ya ua

Chukua ua moja la pareto lililokauka, ulifikiche taratibu kiganjani. Petali nyeupe zile zinazopendeza shambani zipulize tu ziende zake, hazina kitu cha maana. Vijiua vya njano vya katikati navyo vina kidogo sana. Kinachobaki kiganjani ni vijipande vyembamba vya rangi ya kahawia hafifu, urefu wake milimita 3 au 4 hivi. Hizo ndizo mbegu changa za ua, na humo ndimo inamokaa zaidi ya asilimia 90 ya sumu yote. Sumu yenyewe ni mchanganyiko wa kemikali 6 zinazokaribiana, kwa pamoja huitwa pairethrini. Mdudu akiguswa nayo, mishipa yake ya fahamu inavurugika na anaanguka palepale. Mwili wa binadamu na wa mifugo huivunja haraka, ingawa vumbi la maua huwasha ngozi na kupigisha chafya, kama anavyojua kila aliyewahi kujaza magunia ya pareto ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Ua kavu la kawaida lina pairethrini kati ya asilimia 1 na 2. Ua bichi, kwa upande wake, ni maji matupu kwa sehemu kama nne kati ya tano, kwa hiyo kilo 4 hadi 5 mbichi hutoa kilo 1 kavu. Mama aliyechuma kilo 100 mbichi ana kilo 20 hadi 25 za kuuza. Ndani ya hizo, kama kiwango cha sumu ni asilimia 1.5, kuna gramu 300 hadi 375 za kitu ambacho dunia iko tayari kukilipia. Gramu hizo ndizo biashara yote. Kilichobaki ni mzigo wa kubeba.

Mmea huu haukuzaliwa huku. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Wajapani waliuchukua mwishoni mwa karne ya 19, na ni huko ambako Eiichiro Ueyama alitengeneza udi wa kufukuza mbu kwa unga wa pareto katika miaka ya 1890. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Japani ndiyo iliyoongoza kwa kilimo chake. Vita vilipoifunga biashara ya Japani, nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako zao lilikuwa limekwisha kuingia, zikachukua nafasi. Tuna kitu ambacho wengi hawana: baridi karibu na ikweta. Pareto inahitaji baridi ili ifunge maua. Ukiipanda bondeni kwenye joto itastawi majani tu. Ndiyo maana utaikuta kuanzia mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari kwenda juu, inagombea ardhi na viazi mviringo, na siku hizi miti ya mbao na parachichi.

Mafuta yanavyopatikana

Kiwanda kinachojulikana zaidi nchini kiko Mafinga, wilayani Mufindi, cha kampuni ya PCT (Pyrethrum Company of Tanzania). Kampuni hiyo iko chini ya MGK ya Marekani, nayo MGK iko chini ya Sumitomo Chemical ya Japani. Kinachofanyika kwenye viwanda vya namna hii hakitofautiani sana, uwe Mafinga, Musanze nchini Rwanda au kisiwani Tasmania.

Maua makavu husagwa kuwa chengachenga. Kisha heksani, kimiminika kinachotokana na mafuta ya petroli, hupitishwa humo mara kadhaa, nayo hutoka na sumu pamoja na nta, rangi na mafuta mengine ya ua. Heksani hiyo huchemshwa, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 69 tu za Selsiasi, inatoka kwa mvuke na kukusanywa upya ili itumike tena. Yanayobaki ni mafuta ghafi, mazito, ya rangi iliyokolea, yenye pairethrini asilimia 30 hivi. Hayo bado hayatoshi. Husafishwa tena, kwa methanoli au kwa kaboni dayoksaidi iliyogandamizwa, mpaka nta na rangi zitoke na mafuta yapauke kuwa ya njano, halafu huwekwa kwenye kipimo kimoja kisichobadilika, mara nyingi asilimia 50. Machicha ya maua yaliyokamuliwa nayo hayatupwi: huingia kwenye chakula cha mifugo na kwenye udi wa mbu.

Sasa tukamue kwa kalamu. Tani 1 ya maua makavu yenye sumu asilimia 1.5 ina kilo 15 za pairethrini. Hakuna mtambo unaotoa yote. Tuseme baada ya kukamua na kusafisha kimepatikana asilimia 90 ya iliyokuwemo, yaani kilo 13.5. Ukiiweka kwenye mafuta ya asilimia 50, unapata kilo 27. Lori la magunia linaingia getini, na kwenye kila tani yake inatoka galoni moja na nusu hivi ya lita 20.

Faida ya kukamua iko hapo kwanza: kupunguza mzigo. Kilo 27 zinasafirishwa hadi ng'ambo kwa gharama ndogo ukilinganisha na tani nzima ya maua. Tena mafuta yakifungwa vizuri na kuwekwa gizani yanatunzika, ilhali ua hupungua nguvu kadiri linavyokaa, na ua lililosagwa hupungua haraka zaidi. Anayekamua anaweza kusubiri bei. Anayeuza ua hawezi. Pareto si mahindi ya kuweka ghalani mpaka Februari.

Lakini tazama gharama zinavyokwenda. Kusafirisha, kusaga, kupitisha heksani, kuichemsha, umeme, vibarua: hizi zote hufuata uzito wa maua. Mapato hufuata uzito wa sumu. Kiwanda kinatumia karibu gharama ile ile kukamua tani ya maua duni na tani ya maua bora, ila kinachouzwa mwishoni si kile kile. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba msomaji anisubiri kidogo tupige hesabu ya mfano. Bei nitakazotumia ni za kufundishia tu, si bei za soko.

Tuseme kiwanda kinapata shilingi 400,000 kwa kila kilo ya sumu, na gharama ya kukamua tani moja ya maua ni shilingi 1,200,000. Maua ya asilimia 1.2 yatatoa kilo 10.8 za sumu kwa tani, sawa na shilingi 4,320,000. Toa gharama, inabaki 3,120,000. Maua ya asilimia 1.8 yatatoa kilo 16.2, sawa na shilingi 6,480,000, na baada ya gharama inabaki 5,280,000. Kiwango cha sumu kimepanda kwa nusu, ila kile kinachobaki cha kumlipia mkulima kimepanda kwa karibu asilimia 70. Gawanya kwa kilo: maua duni hayawezi kulipwa zaidi ya shilingi 3,120, maua bora yanaweza kufika 5,280, na hapo kiwanda bado hakijatoa faida yake wala kodi.

Kwa hiyo mnunuzi anayetangaza bei moja kwa kilo, bila kupima, lazima aipange chini, kwenye kiwango cha maua duni au cha katikati, la sivyo atafilisika. Anayelipia hilo ni yule mkulima aliyechuma vizuri na kukausha vizuri.

Kwa nini kijiji hakikamui chenyewe

Nalielewa sana wazo la chama cha ushirika kuwa na mtambo wake. Lina heshima ndani yake. Lakini tulipime. AMCOS moja, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inayokusanya tani 20 za maua makavu kwa msimu, ambazo si haba, itapata kwa hesabu ile ya juu kilo 540 za mafuta yaliyosafishwa. Ni mapipa matatu ya lita 200. Kwa ajili ya mapipa hayo matatu itabidi iwe na mtambo usiovuja, maana heksani ni kitu kinacholipuka kwa cheche moja na mvuke wake hutambaa chini kama maji, iwe na mtambo wa pili wa kusafisha, maabara, mkemia, na soko la kununulia heksani, kwa sababu hata kwenye mtambo mzuri kila mzunguko hupoteza kiasi. Baada ya wiki chache za kazi mtambo utakaa bure mpaka msimu ujao, huku mkopo wake ukiendelea kudai.

Wapo wanaopendekeza kukamua mafuta ghafi tu kijijini na kuyauza kwa mwenye mtambo wa kusafisha. Inawezekana kifundi. Ila wasafishaji wa mafuta ya pareto duniani wanahesabika, na wengi wana mashamba au wakulima wao. Ukifika na pipa la mafuta ghafi umetoka kwa mnunuzi mmoja wa maua na kwenda kwa mnunuzi mmoja wa mafuta, safari hii ukiwa na deni la benki.

Isitoshe, mafuta yenyewe si bidhaa ya mwisho. Dawa ya kupuliza ndani ya nyumba huwa na pairethrini chini ya asilimia 1. Kwa dawa yenye asilimia 0.2, kilo 1 ya sumu inatengeneza kilo 500 za dawa. Anayetengeneza dawa huichanganya na piperonili butoksaidi, kemikali inayomzuia mdudu asizinduke baada ya kuanguka, kisha anasajili bidhaa yake nchi moja baada ya nyingine, kazi ya miaka na ya fedha nyingi. Sehemu kubwa ya bei iliyobandikwa kwenye kopo dukani inalipia hayo. Mkamuaji naye, pamoja na mapipa yake yote, ni muuza malighafi.

Hapa inafaa kutazama zao lingine lenye swali lile lile, ingawa kwetu ni haramu na sheria ya 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya iko wazi kabisa. Kwenye nchi zilizoruhusu bangi, kama Kanada iliyohalalisha mauzo Oktoba 2018 na kuruhusu mafuta yaliyokolezwa mwaka uliofuata, au majimbo ya Marekani kama Colorado iliyoanza kuuza madukani Januari 2014, wakulima walijikuta wakipiga hesabu hii hii ya ua na mafuta. Lakini tofauti mbili zinabadilisha kila kitu. Ya kwanza, ua la bangi lina wateja wake wenyewe wanaolinunua lilivyo, kwa hiyo mkamuaji anayetaka ua zuri lazima ashindane nao kwa bei. Matokeo yake mitambo mingi hupelekewa majani yaliyopunguzwa, vipande na maua yasiyopendeza machoni; ua zuri huuzwa kama ua, makombo huwa mafuta. Ya pili, ua zuri la bangi lina utomvu mwingi kiasi kwamba kilo 100 zinaweza kutoa kilo 15 au zaidi za mafuta. Pareto, umeona, kilo 100 hutoa kilo 2.7. Mtambo mdogo unaoweza kumlipa mtu huko hauwezi kumlipa mtu hapa.

Mkulima wa pareto hana yule mteja wa pili wa kukimbilia. Hakuna anayenunua ua la pareto kwa ajili ya ua. Ndiyo maana bei inapangwa na mwenye mtambo, na ndiyo maana nguvu ya mkulima haina budi kutafutwa kwingine.

Dari la bei

Kuna jambo moja ambalo halisemwi kwenye mikutano ya hadhara. Bei ya mafuta ya pareto ina dari, na dari hilo liliwekwa maabara. Mwaka 1924 Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha kazi yao juu ya muundo wa pairethrini. Wanakemia wakishajua kitu kimeundwaje, hawachelewi kutafuta cha kufanana nacho. Mwaka 1949 ikatoka alethrini, ya kwanza ya bandia. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, ambayo haiharibiwi upesi na jua kama pareto. Chandarua chenye dawa cha Olyset, ambacho kimetengenezwa Arusha kwenye kiwanda cha A to Z kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical, kina permethrini ndani ya nyuzi zake. Watoto wetu wanalala chini ya mjukuu wa pareto, na hakuna ua hata moja lililochumwa kwa ajili yake.

Pareto ya asili ikipanda bei sana, watengenezaji wa dawa wanahamia kwenye ya bandia. Iliyobaki kwa ya asili ni ile kazi ambayo ya bandia haikubaliki au haipendelewi: kilimo hai, maghala ya chakula, jikoni, sehemu ambazo mtu anataka sumu iue leo na kesho isiwepo. Udhaifu wake mbele ya jua umegeuka kuwa sababu ya kununuliwa. Ni soko la kweli, na naamini litaendelea kuwepo, lakini halina mwanya wa kumeza kila tani itakayolimwa.

Na soko hilo linataka uhakika wa mzigo. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto kwa miongo mingi. Bodi iliyokuwa ikinunua maua huko iliposhindwa kuwalipa wakulima kwa wakati, wakulima waling'oa mashina wakapanda mazao mengine, na uzalishaji ukaporomoka vibaya mno kufikia miaka ya 2000. Wanunuzi wa nje hawakungoja. Walikwenda Tasmania, ambako pareto huvunwa kwa mashine mara moja kwa mwaka, na wengine wakaja huku kwetu. Kiwanda kikikosa maua, gharama za kila tani inayobaki hupanda. Zikipanda, bei ya mkulima hushuka. Ikishuka, anahamia kwenye viazi, pamoja na dhuluma ya lumbesa, gunia la kupita kipimo, inayomsubiri huko. Mduara huo umekwisha kuvunja zao hili upande wa pili wa mpaka.

Fedha iliyo karibu na mkono

Turudi shambani, maana huko ndiko ninakotaka makala hii imfikishe mkulima.

Chukulia wakulima wawili wa kijiji kimoja. Wa kwanza ameleta kilo 200 kavu zenye sumu asilimia 1.8. Wa pili ameleta kilo 240 zenye asilimia 1.2. Wa kwanza ameleta kilo 3.6 za sumu, wa pili kilo 2.88. Kwa bei moja kwa kilo ya ua, wa pili analipwa asilimia 20 zaidi kwa kuleta sumu pungufu kwa asilimia 20. Msimu ujao yule wa kwanza atafanya nini? Atafanya kama mwenzake, na hana kosa. Hata pale panapopimwa sumu, kama maua ya kikundi kizima yanamwagwa pamoja kabla ya kipimo, hao wawili watasomewa asilimia 1.47 na kulipwa sawasawa kwa kilo. Bambo, kile chuma cha kuchukulia sampuli, likizama kwenye lundo la pamoja linaleta wastani, na wastani unamwadhibu aliyejituma.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kudai kwenye mkataba, kabla ya mbolea ya mkopo na kabla ya miche ya bure, ni sampuli ichukuliwe kwenye mzigo wa kila mkulima, mbele yake, na matokeo yarudi kwa maandishi. Bodi ya Pareto iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ili zao hili lisimamiwe, na hakuna kitu cha kusimamia kilicho kikubwa kuliko kipimo. Kupima sampuli moja moja kuna gharama, sikatai. Vikundi vidogo vya jirani watano au sita wanaoaminiana vinaweza kuwa njia ya katikati.

Kipimo kikiwepo, kazi ya shambani inaanza kulipa. Ua huchumwa linapokuwa limefungua mistari mitatu au minne ya vijiua vya njano kutoka ukingoni. Hapo ndipo sumu imejaa. Likichumwa changa sumu bado haijakaa, likiachwa likazeeka linapungua. Hii ina maana ya kupita shambani kila baada ya wiki mbili au tatu, na hapo ndipo vibarua wanapoingia kwenye hesabu. Kibarua anayelipwa kwa kilo mbichi atachuma kila lililo zito: lenye umande, lililozeeka, lenye kikonyo kirefu. Kikonyo hakina sumu ya kutajika, kina uzito tu. Mwenye shamba anayelipwa kwa sumu inambidi abadilishe namna anavyomlipa kibarua wake, la sivyo anajikata mwenyewe.

Kisha kukausha, ambako ndiko ninakoona hasara kubwa. Maua mabichi yaliyoshindiliwa kwenye mfuko wa salfeti yanapata joto yenyewe ndani ya saa chache, yanabadilika rangi, na sumu inaanza kuharibika. Tenga au kikapu ndicho chombo chake. Yakifika nyumbani yatandazwe siku hiyo hiyo, tabaka jembamba, juu ya kichanja ambako hewa inapita chini na juu. Turubai ya kufunika mvua ikija ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana pareto inachanua sana wakati ambao huku milimani ukungu haukauki mpaka saa nne. Wanaokaushia juu ya moto jikoni wajue kuwa joto likizidi nyuzi 60 hivi, sumu inapotea kwa kasi ambayo macho hayaioni. Ua linabaki zuri na jepesi, na ndani limekwisha. Lililokauka sawasawa ukilibana kati ya vidole linavunjika na kumwagika, halinywei. Unyevu wake unakuwa asilimia 10 hivi. Baada ya hapo ni gunia, chumba chenye giza na ubaridi, na safari ya haraka kwenda kituoni.

Yeyote anayetamani kuongeza thamani kijijini, na si lazima iwe kukamua, aanzie kwenye kichanja cha pamoja chenye paa la nailoni linalopitisha mwanga na pembeni pa wazi. Gharama yake ni ndogo kabisa ukilinganisha na mtambo wowote wa heksani, nayo inalinda kile ambacho mtambo ungekuja kukitafuta. Kusaga unga wa pareto kwa ajili ya kuhifadhia nafaka dhidi ya fukusi nako kunawezekana kwa mashine ya kawaida na chekecheo. Hilo ni soko ambalo ua linaingia bila kukamuliwa, ni la hapa hapa, na maghala ya nafaka hayakosekani Mbozi wala Mbarali. Anayetaka kuuza unga huo kama dawa ajiandae kuusajili TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na aupange uuzwe upesi kwa sababu unga hauvumilii kukaa.

Nimeacha mbegu mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayochukua miaka. Pareto haijichavushi yenyewe, kwa hiyo miche ya mbegu iliyotoka ua moja haifanani. Katika mstari mmoja utakuta shina lenye sumu nyingi na jirani yake halina. Shina zuri ukiligawa na kupandikiza vipande vyake, watoto wote wanakuwa kama mama. Mkulima mwenye karatasi za kipimo za misimu kadhaa, kipande kwa kipande cha shamba lake, anajua aende na jembe upande gani mvua zikianza. Mwenye kumbukumbu ya kilo peke yake atagawa shina lililonenepa majani, na hawezi kujua kama ndilo alilopaswa kuling'oa.